Mkasi Uliomo Ndani ya Jani

Sisi tukaao Olkaria tumezoea kustaajabia mvuke utokao ardhini ukaleta umeme. Leo twataka kutazama nguvu nyingine iliyo kimya, ile iliyomo ndani ya jani.

Wakulima wa Bonde la Ufa hawajasahau mwaka 2011, ugonjwa wa virusi ulipoonekana Bomet na mahindi yakakauka kabla ya kukomaa. Mwaka 2013 kituo cha kupima mbegu dhidi ya ugonjwa huo kilianzishwa hapa jirani, Naivasha. Huko mahindi huambukizwa makusudi, zijulikane mbegu zinazostahimili.

Virusi hivyo ni kitu gani? Ni ujumbe mfupi tu, ulioandikwa kwa RNA na kufunikwa kwa ganda la protini. Ukiingia ndani ya jani, hulilazimisha liunakili tena na tena.

Lakini jani halikai bure. Protini iitwayo Daisa huutambua ujumbe huo unaponakiliwa, ikaukata vipande vya herufi 21 hadi 24. Protini ya pili, Agonauti, hushika kipande kimoja kama askari ashikavyo picha ya mwizi. Ujumbe unaolingana na picha hukatwa. Usiolingana huachwa upite.

Mbona basi mahindi yalikufa? Kwa sababu virusi navyo vina protini za kuuzuia mkasi huo, tena huongezeka upesi.

Sasa tutazame muhogo. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ulioelezwa huko Tanganyika mwaka 1936, huozesha mihogo udongoni huku majani yangali mabichi. Watafiti wa KALRO, pamoja na wenzao wa Uganda na Marekani, waliutia muhogo nakala ya sehemu ndogo ya ujumbe wa virusi, ili askari awe na picha kabla mwizi hajafika. Juni 2021 Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Viumbe Hai ya Kenya iliidhinisha muhogo huo uendelee hadi majaribio ya kitaifa.

Washirika wetu huuliza: je, huku si kuingilia kazi ya Muumba? Swali hilo ni la haki, wala tusilicheke. Lakini tutenge mambo mawili. Mkasi haukutengenezwa na mwanadamu. Ulikuwamo tangu zamani. Mwanadamu ameongeza picha tu. Kama picha hiyo ni salama kwa mlaji, na kama mbegu itamfikia mkulima maskini, hayo na tuyaulize bila hofu. Tukikubali au tukikataa, basi, tuwe tunajua tusemalo.