Ganda la Shaba na Shabaha ya Yadi 1,000

Kwa watu wa Muthara risasi si kitu kigeni. Wazee wangali wakumbuka miaka ya Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960, wakati askari walipochukua bunduki za .303, na mtu aliyekutwa na risasi pasipo kibali aliweza kunyongwa. Siku hizi askari wa akiba walindao mifugo katika nyika ielekeayo Isiolo ni watu tuwajuao kwa majina. Lakini ni wachache kwetu waliopata kuifikiri bunduki kuwa chombo cha mchezo, ambao ndani yake mshindani hulala kifudifudi na kupiga shabaha iliyo mbali yadi 1,000.

Mchezo huo ni wa zamani. Mwaka 1860 Malkia Victoria alifungua mashindano ya Wimbledon, Uingereza, kwa kufyatua bunduki ya Whitworth. Tangu 1890 mashindano hayo hufanywa Bisley, na fainali ya tuzo kubwa hupigwa yadi 900 na yadi 1,000. Kwa umbali huo duara la alama 5 lina upana wa futi 2 tu.

Basi mtu achague risasi ipi? Hapa yafaa tuelewane kwa maneno. Risasi ni kitu kizima: ganda la shaba, fataki kitakoni, baruti ndani, na mbele yake kichwa kirukacho. Ile .303 ya mwaka 1910 ilikuwa na kichwa cha greni 174 (greni 7,000 ni ratili moja), nayo ilitumika miaka mingi Bisley. Baadaye ikaja .308 Winchester, 1952, na ndugu yake ya kijeshi ya milimita 7.62, ambayo majeshi ya NATO yaliikubali 1954. Hiyo ndiyo risasi ya bunduki ya G3, na kiwanda cha serikali kilichoanzishwa Eldoret mwaka 1997 huitengeneza. Tangu 2007 iko pia 6.5 Creedmoor, ambayo kichwa chake chembamba hakisukumwi sana na upepo. Si jambo dogo, maana upepo wa maili 10 kwa saa uvumao ubavuni huweza kukisogeza kichwa cha .308 zaidi ya futi 6 kabla hakijafika.

Hata hivyo ningemshauri anayeanza ashike .308. Mtutu wake hudumu zaidi, na maganda yake hupatikana kwa urahisi.

Wengi hubishana juu ya nguvu ya risasi, na ganda hawalitazami. Kumbe ndilo litakalowashinda. Risasi mbili za .308 zikitofautiana mwendo kwa futi 30 tu kwa sekunde, vichwa vyake hufika yadi 1,000 vikiwa vimetengana kwa zaidi ya nusu futi juu na chini. Tofauti hiyo mara nyingi hutoka gandani: moja zito, jingine jepesi, shingo moja nene, nyingine nyembamba. Kwa hiyo mshindani hununua maganda ya kiwanda kimoja yaliyotengenezwa pamoja, huyapima kwa mizani, na yasiyolingana huyatenga kwa mazoezi. Kiwanda cha Lapua, Finland, chasifiwa sana kwa usawa wa maganda yake. Maganda ya kijeshi kwa kawaida ni manene, na nafasi ndani yake ni ndogo. Mtu akiyajaza baruti kipimo kile kile cha ganda la kiraia, mkandamizo wapanda kupita kiasi, na bunduki yaweza kumpasukia usoni.

Shaba hii ni mchanganyiko wa shaba nyekundu sehemu 70 na zinki sehemu 30, nayo ina adui ambaye mfugaji anaye nyumbani. Zamani huko Bara Hindi, jeshi la Waingereza liliweka risasi katika mazizi ya farasi wakati wa mvua, na maganda yakapasuka yenyewe bila kupigwa. Wataalamu walieleza sababu mwaka 1921: amonia itokayo katika mkojo wa wanyama huitafuna shaba iliyokunjwa kwa nguvu. Mwenye leseni asiweke risasi karibu na zizi.

Wala asiokote maganda nyikani. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haifanyi mzaha juu ya risasi, na viwanja vya mazoezi ya majeshi vina vitu vibaya kuliko maganda: mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wamaasai na Wasamburu 228 walioumizwa au kufiwa kwa ajili ya mabomu yaliyoachwa bila kulipuka, Archer's Post na Dol Dol.

Ganda jema hujazwa tena mara kadhaa. Kila mara mshindani huingiza ndani yake waya uliokunjwa ncha, akaupitisha ukutani karibu na kitako. Ncha ikinasa katika mfereji mwembamba, shaba imeanza kukatika hapo, na ganda hilo hutupwa hata kama kwa nje lang'aa kama jipya.