Nyuma ya Usambara: Korogwe na Handeni kwa Baiskeli

Mkenya anayepanda basi la Nairobi kwenda Dar es Salaam hupita Korogwe akiwa hoi. Namanga, Arusha, Moshi na Same zimeshabaki nyuma, milima ya Usambara imejaa dirisha la kushoto tangu Mkomazi, na kinachomshughulisha sasa ni chakula na choo. Hushuka kwa dakika chache, hununua machungwa, hurudi kitini. Abiria wa Mombasa haioni Korogwe kabisa, maana basi lake likitoka Tanga hukata kusini pale Segera na kuuacha mji huo kando, mwendo wa kilomita ishirini hivi. Basi sisi majirani tunaufahamu mji huu kama meza ya kulia tu. Anayeshuka na baiskeli yake hukuta nchi nyingine, mradi ajue pa kugeukia.

Korogwe imekaa bondeni, kwenye mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari. Kaskazini yake imesimama Usambara, kusini unapita mto Pangani ukitoka Kilimanjaro na Meru kuelekea Bahari ya Hindi. Ng'ambo ya mto, kusini-magharibi, ardhi hupanda taratibu hadi Handeni, mji wa Wazigua ulio juu ya Korogwe kwa karibu mara mbili. Wilaya zote mbili zimo katika mkoa wa Tanga. Ziwa la kuendea kando yake halipo. Maji ya huku ni mto, na upande wa Handeni ni malambo, yale mabwawa yaliyochimbwa kukusanya mvua, ambamo ng'ombe na binadamu wamekuwa wakigombea kiangazi kwa miaka mingi.

Kwanza niseme pasipofaa. Barabara kuu inayotoka Segera kupitia Korogwe hadi Mombo si ya baiskeli. Mabasi ya mikoani huikimbilia saa, malori ya mizigo ya bandarini hayana subira, na mwendo hupungua pale tu madereva wanapohisi askari amejificha mahali na tochi yake ya kupimia kasi. Wenyeji wenyewe wakiwa na baiskeli hushuka kwenye lami wanaposikia honi nyuma yao. Mgeni asione haya kufanya hivyo.

Barabara ya kwenda Handeni ni kilomita 65 za lami, na iliwekwa lami miaka michache tu iliyopita ukilinganisha na ile kuu. Mtu akivuka Pangani na kuanza kupanda, magari hupungua mpaka anaanza kusikia cheni yake mwenyewe. Kwa muda atapita mashamba ya mkonge, kisha ardhi inafunguka: mahindi, mihogo, miembe mikubwa penye nyumba, na katikati ya vijiji misitu ya miombo ambayo mwezi wa Juni bado ina majani na mwezi wa Septemba imebaki vijiti. Kupanda kwenyewe si kwa kutisha. Ni mwinuko mrefu wa kuvizia, unaoonekana tambarare machoni huku miguu ikikataa. Mwenye gia ataupenda. Asiye na gia atafanya kama wenyeji, atashuka na kusukuma bila kuona aibu, kisha atapanda tena.

Hao wenyeji ndio sababu kubwa ya kuisifu barabara hii. Kwetu, ukiondoa upande wa Magharibi, mtu mzima juu ya baiskeli barabarani ama ni mwanamichezo mwenye kofia ngumu na miwani, ama ni mtu ambaye bodaboda bado haijamfikia. Huku baiskeli ni chombo cha kazi. Inabeba madumu ya maji kwenye karia, inabeba gunia la mahindi hadi mashine ya kusaga, inabeba mama na mtoto wake kwenda zahanati. Inabeba mkaa, magunia mawili au matatu yaliyofungwa kwa kamba za mpira hadi mwendeshaji haonekani kwa nyuma. Mkaa huo ni habari ya kusikitisha, kwa kuwa ndio unaoila miombo inayompa mgeni kivuli, lakini anayesukuma baiskeli hiyo kupanda mlima si yeye aliyeamua Dar es Salaam ipike kwa nini.

Kwa hiyo mgeni hapigiwi kelele. Atasalimiwa, na atatakiwa kusalimu. Mzee anayekuja mbele yake kwenye baiskeli nyeusi ya Phoenix anastahili shikamoo hata kama wote wawili wanahema, na atajibu marahaba huku akiendelea. Sisi Wakenya tuna tabia ya kuingia dukani na kusema tunachotaka. Huku utapewa soda yako, ila utakuwa umejulikana umetoka wapi. Fundi baiskeli naye yupo karibu kila kijiji, chini ya mwembe au pembeni ya duka, na pancha yako ataiziba kwa bei ya chai. Lakini ana tairi na tyubu za baiskeli kubwa za kazi, inchi 28, na pengine za 26. Mwenye baiskeli nyembamba ya mashindano atembee na tairi na tyubu zake, kwa sababu tairi ile ya 28 ya kienyeji haiingii kwenye rimu yake hata ionekane sawa kwa macho.

Utulivu huu hauna uzee mkubwa. Nchi hii ilikuwa na kelele. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi miaka michache baadaye. Mwaka huohuo wa 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliletewa miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo yakaota mashamba yaliyoifunika Tanga yote, na vibarua walioitwa manamba wakaletwa kutoka pande za mbali za nchi kuja kukata majani na kuyapeleka korona, mashine ya kutoa nyuzi. Wajukuu wao ndio wanaokaa Korogwe leo pamoja na Wasambaa, Wazigua na Wabondei. Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilivuna takriban tani 230,000 kwa mwaka. Kisha kamba za plastiki zikaua bei, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 mavuno yalikuwa chini ya tani 30,000. Mkonge haujafa, bado unakatwa, na korona kadhaa zinanguruma. Lakini njia zile pana za mashambani, zilizochorwa kwa ajili ya matrekta na vitoroli, sasa unaweza kuzipita asubuhi nzima ukakutana na mbuzi.

Handeni nayo ina historia inayotuhusu sisi moja kwa moja, ingawa shuleni hatukufundishwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walitandika reli nyepesi kutoka Mombo hadi Handeni, ya vigari vya kusukumwa na watu, ili wapeleke shehena kutoka reli ya kaskazini kuelekea reli ya kati. Juni 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yaliyotokea Kenya yaliteka Korogwe, kisha Handeni. Nyuma ya wanajeshi walitembea wapagazi, vijana wetu waliokusanywa kwa nguvu vijijini, wakibeba masanduku ya risasi na unga, na ugonjwa uliua wengi kuliko risasi. Mtaa wa Kariokor pale Nairobi umebeba jina la kikosi chao. Mpanda baiskeli anayelalamikia mwinuko wa kwenda Handeni awakumbuke, kwani wao hawakuwa hata na vigari vya Mombo.

Mji wenyewe wa Handeni ni mdogo, una soko, msikiti, makanisa, nyumba za wageni za bei nafuu na makande ya jioni yanayofanana sana na githeri yetu isipokuwa hayana haraka. Nje ya mji, uliza habari za Chogo. Huko wanaishi Wazigua waliotoka Somalia: babu zao walichukuliwa utumwani karne ya 19 hadi bonde la Juba, wakaitunza lugha yao huko, na vita vya 1991 vilipowafukuza baadhi yao wakarudi kwa meli na kwa miguu kwenye nchi waliyoisikia katika masimulizi. Wengi wamepewa uraia. Kwa Mkenya aliyezoea kuona Dadaab kama jambo lisilo na mwisho, inafaa kujua kwamba jirani yake alifanya hivi bila makelele. Upande mwingine kuna Msomera, walikohamishiwa Wamasai wa Ngorongoro kuanzia 2022, na hilo halikupita bila makelele.

Anayetaka msitu wa kweli asiutafute Handeni. Arudi Korogwe apande kaskazini, kuelekea Vugiri, Bungu na mashamba ya chai ya Ambangulu. Barabara ni ya udongo, inazunguka na kuzunguka, na sehemu nyingine utasukuma. Juu kuna ukungu, migomba, chai, na vipande vya ule msitu wa kale unaosemwa na wanasayansi kuwa na viumbe wasiopatikana kwingine. Ua dogo la zambarau ambalo Wazungu hupambia madirisha yao lilipelekwa Ujerumani kutoka Usambara mwaka 1892 na ofisa Walter von Saint Paul. Kushuka kutoka huko juu kunahitaji breki nzuri kuliko mapafu mazuri.

Sidhani barabara ya Handeni itabaki hivi kwa muda mrefu. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linapita Kilindi, Handeni na Korogwe likielekea Chongoleani, pwani ya Tanga, na barabara ya kutoka Handeni kwenda Kiberashi, ambayo mpango wake ni kufika Singida, imeanza kuwekwa lami vipande vipande. Lami hiyo ikikamilika, malori ya kutoka bara yatakuwa na njia ya mkato hadi bandari ya Tanga. Watu wa Handeni wanaisubiri kwa hamu, na wana haki. Mgonjwa wa Kilindi hapelekwi hospitali kwa utulivu.

Muda mzuri ni Juni hadi Septemba, masika yakishakauka. Vuli ya Oktoba na Novemba inapitika kwenye lami lakini si kwenye udongo mweusi. Na kwa anayerudi Mombasa, ipo njia bora kuliko ile ya Segera: atoke Korogwe afuate bonde la Lwengera, Usambara ya magharibi mkono wa kushoto na ya mashariki mkono wa kulia, apite Magoma na Mashewa hadi Maramba, kisha ashuke Mabokweni nje kidogo ya Tanga. Ni vumbi mwanzo hadi mwisho, ni siku mbili kwa mtu asiye na pupa, na kutoka Mabokweni lami ya Horohoro inampeleka moja kwa moja hadi mpakani Lungalunga.