Helmeti ya Skii kwa Likizo ya Februari: Azima, Kodi au Nunua?

Likizo ya majira ya baridi nchini Sweden, sportlov, huangukia Februari na mwanzoni mwa Machi, kila mkoa na wiki yake. Kwa familia zetu zinazoishi huko, ziwe zimetoka Kongo, Burundi, Tanzania au Kenya, hiyo ndiyo wiki ambayo mtoto hurudi shuleni akisema wenzake wote wanakwenda kuteleza kwenye theluji. Skii, buti, suruali ya theluji, tiketi ya lifti: fedha huanza kutoka kabla hamjatoka nyumbani. Bana matumizi utakavyo, ila helmeti usiiguse.

Usidhani ni ya mabingwa tu. Machi 2009 mwigizaji Natasha Richardson alianguka bila helmeti kwenye mteremko wa wanaojifunza huko Mont-Tremblant, Kanada. Aliinuka akiongea vizuri. Siku mbili baadaye akafariki kwa jeraha la kichwa.

Helmeti haizuii kila dhara. Kiwango cha Ulaya, EN 1077, huipima kwa kuiangusha kutoka kimo cha kama mita 1.5, sawa na mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa, na mtu anayeshuka mlima huuzidi mwendo huo kwa urahisi. Hata hivyo, kati ya kichwa kilichofunikwa na kilicho wazi, tofauti ni kubwa.

Tena inaokoa fedha. Viwanja vikubwa kama Sälen na Åre huwapandisha lifti bure watoto ambao hawajatimiza miaka 7, kwa sharti moja: wawe wamevaa helmeti.

Kuazima: krona 0

Anzia hapa. Fritidsbanken, iliyoanzia Deje mkoani Värmland mwaka 2013, sasa iko katika manispaa nyingi. Huazimisha vifaa vya michezo bure kwa siku 14, na haiulizi kipato chako. Kasoro yake ni kwamba saizi za watoto huwahi kwisha likizo inapokaribia. Nenda wiki moja kabla, uulize kama helmeti imewahi kugongwa, na uikague mwenyewe: ukiona ufa au mkanda uliolegea, irudishe uchukue nyingine.

Kama ni siku ya michezo ya shule, uliza shuleni kwanza. Sheria ya Sweden inataka elimu iwe bure. Mzazi anaweza kuombwa mchango mdogo mara mojamoja tu. Mwalimu atakwambia vifaa vya kuazima viko wapi.

Kukodi: kwa siku moja au mbili

Kukodi kunafaa kama mnakwenda mara moja na hamjui kama mtoto ataupenda mchezo. Uliza kama helmeti imo ndani ya bei ya skii na buti, maana mahali pengine hutozwa peke yake. Angalia pia kama wamekuongezea bima ya vifaa ambayo hukuiomba.

Piga hesabu. Tuseme helmeti inakodishwa krona 80 kwa siku: siku tano ni krona 400, na kwa fedha hiyo mara nyingi unapata helmeti mpya ya mtoto.

Kununua mpya: kwa wanaorudi kila mwaka

Helmeti rahisi za watoto mara nyingi huuzwa krona 300 hadi 600, za watu wazima krona 500 hadi 1,000. Tafuta ndani yake alama ya CE na maandishi EN 1077. Daraja A hufunika masikio kwa ganda gumu. Daraja B ni nyepesi, inapitisha hewa zaidi na inawatosha wengi.

MIPS ni utando wa ndani uliobuniwa na wataalamu wa Stockholm. Huiacha helmeti izunguke kidogo inapogongwa kimshazari, ili ubongo usipate msukosuko wote. Huongeza krona mia kadhaa. Fedha ikitosha, ichukue; isipotosha, helmeti ya kawaida inayokaa vizuri ni bora kuliko ya MIPS inayopwaya.

Helmeti yenye kioo chake hukuepusha kununua miwani ya theluji, lakini bei iko juu, na kioo kikikwaruzika unanunua kingine. Ya baiskeli isikudanganye: kiwango chake ni EN 1078, labda iwe imethibitishwa kwa viwango vyote viwili.

Mtumba: acha

Povu la ndani la helmeti nyingi limetengenezwa kubonyea mara moja tu. Likishagongwa sana limekwisha kazi, na kwa nje huenda usione kitu. Watengenezaji wengi hushauri helmeti ibadilishwe baada ya pigo kubwa, au baada ya miaka kama mitano. Muuzaji wa mitandaoni hawezi kukuthibitishia historia yake. Unachookoa pengine ni krona 150. Unachokihatarisha ni kichwa.

Pima kabla ya kulipa

Zungusha futi ya kupimia juu kidogo ya nyusi. Mtoto mwenye rasta au mabutu apimwe akiwa na nywele zile zile atakazokwenda nazo, zikiwa zimelazwa chini. Anayevaa hijabu achague nyembamba ya michezo. Kofia nene ya sufu isivaliwe ndani ya helmeti.

Mwambie mtoto atikise kichwa kabla ya kufunga mkanda: helmeti isicheze. Usimnunulie kubwa ati atakua nayo. Chagua yenye gurudumu la kukaza nyuma, ambayo kipimo chake cha chini ndicho cha kichwa cha mtoto leo. Kama ana miwani ya theluji, ijaribuni pamoja ili paji la uso lisibaki wazi.

Ukinunua mtandaoni, sheria inakupa siku 14 za kughairi, lakini nauli ya kurudisha mara nyingi ni yako. Dukani, kurudisha kunategemea utaratibu wa duka, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa na utunze risiti.

Uamuzi wetu: safari moja, azima. Ukikosa, kodi. Mkienda zaidi ya siku nne kwa msimu, nunua mpya ya bei ya chini yenye EN 1077 inayomkaa mtoto sawasawa. Na wewe mzazi unayempeleka, vaa ya kwako pia.