MALI KAULI: JUA DENI LIMEKAA CHINI YA NANI

Leo tuongelee mali kauli. Mimi nauza vitenge. Nampa dada wa Mbagala mzigo, naye anampa kijana wa Kongowe, kijana anampa mama wa Vikindu. Hela ikirudi, inapitia njia hiyo hiyo. Ikikwama, utajuaje imekwama chini ya nani?

Wengi wanafungua kolamu za "ngazi ya 1", "ngazi ya 2", "ngazi ya 3". Mtu akihama, unafuta na kuandika upya. Mimi natumia kolamu moja tu: MZAZI, yaani namba ya aliyempa mzigo. Daftari langu la Excel liko hivi (namba, mtu, mzazi, njia, deni):

101, mimi, wazi, 101, 0
102, dada wa Mbagala, 101, 101|102, 150,000
103, kaka wa Tandika, 101, 101|103, 200,000
104, kijana wa Kongowe, 102, 101|102|104, 90,000
105, mama wa Vikindu, 104, 101|102|104|105, 60,000

Ukitazama haraka, kaka ndiye mwenye deni kubwa. Sasa jumlisha wote waliopo chini ya dada:

=SUMIF(D:D,"101|102*",E:E)

Jibu ni 300,000! Hiyo ndiyo hela yako inayotegemea mkono wa dada. Kaka hana mtu chini yake, anabaki na 200,000 yake. Kabla hujamwongezea yeyote mzigo, angalia namba hii kwanza.

Zingatia haya manne:

1. Kila mtu mwandikie deni la mzigo alioshika mwenyewe tu. Aliokwisha kuugawa uandike kwa aliyeupokea, la sivyo utauhesabu mara mbili.

2. Namba ziwe na tarakimu sawa, anzia 101. Ukianza na 1, 2, 3, siku ukifika 20 fomula itamchanganya na namba 2.

3. Namba isijirudie, na mtu akiacha biashara usimpe mwingine namba yake.

4. Wa juu kabisa, kolamu ya mzazi iache wazi.

Mtandao ukikua, kuandika njia kwa mkono kunachosha. Hapo hamia Power BI Desktop, kuipakua ni bure ila inataka kompyuta ya Windows. Ongeza kolamu mpya, andika =PATH(Watu[Namba], Watu[Mzazi]), njia zote zinajiandika zenyewe. PATHLENGTH inakuambia mtu yuko ngazi ya ngapi, PATHITEM inakutolea aliye kwenye ngazi unayotaka. Ukiweka mzazi ambaye hayupo kwenye orodha, itagoma, na hiyo ni faida: umeshajua kuna mtu hujamsajili.

Kijana wa Kongowe akihamia kwa kaka wa Tandika, unabadilisha 102 kuwa 103, basi. Mama wa Vikindu anamfuata mwenyewe.

Usiku wa leo, andika orodha yako kabla hujatoa mzigo wa kesho. Biashara njema!