Rangi ya Gari, Jua la Ufipa na Kutu Isiyoonekana

Mtu asafiriye kutoka Tunduma kwenda Sumbawanga mwezi wa Oktoba hupanda polepole hadi uwanda wa juu wa Ufipa, ulio baina ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mji wenyewe uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mwezi huo nyasi zimekauka, upepo unavuma, na kila gari linaloacha lami na kuingia njia ya kijijini hutoka likiwa limevaa vumbi jekundu. Wekundu huo ni oksidi ya chuma. Kwa lugha ya kemia, vumbi lililotua juu ya boneti na kutu ijifichayo chini ya mlango ni ndugu wa karibu.

Nalikuwa likizoni Sumbawanga, nyumbani kwa kaka yangu, aliponionyesha karatasi ya tangazo. Ilisifu dawa mpya ya kupaka juu ya rangi ya gari. Tangazo lilitoa ahadi tatu: kwamba dawa hiyo hufukuza maji na uchafu, kwamba ugumu wake, ulioandikwa “9H”, huzuia mikwaruzo, na kwamba hukinga bodi isipate kutu kwa miaka mitano.

Gari la kaka ni la mtumba kutoka Ujapani, la rangi ya buluu iliyoiva. Ndilo linalochukua mahindi kutoka shambani, na ndilo linalompeleka mama yetu kliniki kila mwezi. Kaka alikuwa ameweka akiba kidogo kwa ajili ya gari hilo kabla ya masika, na kulipaka lote dawa ile kungeimaliza akiba yote.

“Mdogo wangu,” aliniambia, “wewe umesomea kemia mpaka ng’ambo. Niambie basi, ninunue au nisinunue?”

Swali lilikuwa la haki, lakini shahada haijibu swali la namna hiyo. Hujibiwa na jaribio. Tulinunua chupa ndogo, tukaamua kuijaribu juu ya boneti kwanza.

Rangi ya gari ni nini?

Wengi hudhani rangi ya gari ni tabaka moja. Sivyo. Kiwandani bati la chuma husafishwa, likapewa tabaka jembamba la fosfati, kisha huzamishwa katika rangi ya msingi ambayo huvutwa na umeme hadi kuingia kila pembe. Juu yake huja rangi ya kujazia, kisha rangi yenyewe tuionayo, na mwisho vanishi angavu. Unene wa tabaka zote kwa pamoja aghalabu ni baina ya mikromita 100 na 150, yaani zaidi kidogo tu ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Ngozi hiyo nyembamba ndiyo itenganishayo chuma na hewa yenye unyevu.

Adui wa kwanza wa ngozi hii ni jua. Vanishi ni polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli. Miale ya urujuanimno ina nishati ya kutosha kukata viungo vya minyororo hiyo; vanishi hupauka, hunyauka, na mwishowe hubanduka. Kwa kila mita 1,000 tunazopanda, nguvu ya miale hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10, maana hewa ya kuichuja juu yetu imepungua. Isitoshe, Sumbawanga iko karibu nyuzi 8 kusini mwa Ikweta, hivyo jua la adhuhuri husimama wima juu ya utosi mara mbili kwa mwaka: katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari. Februari huwa na mawingu ya mvua. Oktoba haina kivuli hicho.

Jaribio la boneti

Binti wa kaka yangu, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, ndiye aliyekuwa mtunza daftari. Tuliiosha boneti kwa sabuni, tukaikausha, tukaigawa sehemu tatu kwa utepe wa karatasi. Sehemu ya kushoto tulipaka dawa mpya kwa kufuata maelekezo. Ya katikati hatukuipaka kitu. Ya kulia tulipaka nta ya nyuki, kwa kuwa binti aliuliza swali zuri: “Kama kazi ni kukataa maji, nta yetu ina kasoro gani?”

Sehemu ya katikati ndiyo kiini cha jaribio. Bila sehemu isiyopakwa kitu hatuwezi kujua kama mabadiliko tuyaonayo yameletwa na dawa au yangetokea yenyewe.

Tulipima namna maji yanavyokaa. Kwa bomba la sindano lisilo na sindano tulidondosha mililita 0.1 ya maji juu ya kila sehemu, kisha tukapima upana wa tone kwa rula. Pale ambapo molekuli za maji huvutana zenyewe kwa nguvu kuliko zinavyovutwa na uso ulio chini yake, tone hujikunja likawa kama shanga. Pale ambapo uso huyavuta maji, tone hutandaa. Siku ya kwanza tone la sehemu ya katikati lilikuwa na upana wa takriban milimita 11. La dawa mpya na la nta ya nyuki yote mawili yalikuwa takriban milimita 8.

Nta ilikuwa imeshindana sawa na dawa ya duka! Lakini haukupita muda mrefu. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, na bati la rangi iliyoiva likiachwa juani laweza kufikia joto hilo. Nta ililainika, vumbi likanasa ndani yake, na baada ya majuma mawili sehemu ya kulia ilikuwa chafu kuliko zote. Ndiyo sababu watengenezaji wa nta za magari hupenda nta ya karnauba, itokayo kwenye majani ya mnazi-pori wa Brazili, ambayo huhitaji nyuzi zaidi ya 80 kuyeyuka.

Dawa mpya ni ya jamaa nyingine. Imetokana na michanganyiko ya silikoni ambayo hupokea unyevu wa hewani, ikafungamana na kuwa utando mgumu kama kioo chembamba sana. Haiyeyuki juani. Mwishoni mwa Desemba, baada ya mvua kuanza, tone lake lilikuwa limefikia milimita 9 tu, na sehemu hiyo iliosheka kwa ndoo moja ya maji pale ambapo nyingine zilihitaji mbili. Ahadi ya kwanza, basi, ilikuwa ya kweli.

Ugumu wa penseli na ugumu wa mchanga

Ahadi ya pili inahitaji uangalifu. Hiyo “9H” ni nini? Wengi huisoma kana kwamba ni namba 9 katika kipimo cha Mohs, mtaalamu wa madini aliyeyapanga madini katika ngazi kumi mnamo 1812, ambamo almasi ni ya 10. Sivyo hata kidogo. “9H” ni ugumu wa penseli! Mpimaji husukuma penseli juu ya rangi kwa pembe ya nyuzi 45, akianza na laini na kuendelea na ngumu, hadi aipate ile iachayo mkwaruzo. Penseli iliyo ngumu kupita zote katika mfuatano huo ni 9H.

Lakini barabara za Ufipa hazikujaa vumbi la penseli. Mchanga una chembe nyingi za madini ya kwatsi, na kwatsi katika kipimo cha Mohs ni ya 7. Hukwaruza kioo cha dirisha, ambacho ni cha 5.5 hivi, na utando wenye unene wa mikromita moja hivi hauwezi kuizuia. Kwa lenzi ya kukuzia, binti alikuta mikwaruzo midogo katika sehemu zote tatu. Kilichoipunguza si dawa bali desturi: kumwaga maji kwanza ili vumbi liondoke, ndipo kitambaa kiguse rangi.

Jeki ilipotoboa

Ilibaki ahadi ya tatu. Siku ya kuandika matokeo ya mwisho tuliliinua gari ili tuone upande wa chini. Kaka aliweka jeki mahali pake pa kawaida, chini ya mlango wa abiria wa mbele, akaanza kuizungusha. Gari halikupanda. Tulisikia mlio kama wa mtu akanyagaye majani makavu, na kichwa cha jeki kikaingia ndani ya bodi. Bahati njema hapakuwa na mtu chini. Kwenye kiti kilicho juu ya mahali hapo ndipo mama huketi anapokwenda kliniki.

Kwa juu rangi ilikuwa inang’aa. Kwa ndani, matundu ya kutolea maji yalikuwa yamezibwa na tope jekundu, na tope hilo lilikuwa bado bichi ijapokuwa mvua haikunyesha kwa siku nne.

Chuma kupata kutu ni kazi ya umeme mdogo. Katika miaka ya 1920 Ulick Evans wa Cambridge alionyesha jambo hili kwa tone la maji ya chumvi juu ya bati. Ukingoni mwa tone oksijeni huingia kwa urahisi. Katikati ni haba. Tungetazamia kutu ianze palipo na oksijeni nyingi, lakini chuma hulika pale ilipo haba: katikati hugeuka anodi na kupoteza elektroni, na ukingo huwa kathodi. Donge la tope ndani ya bodi hufanya kazi hiyo hiyo, mchana na usiku. Dawa ya juu ya boneti haifiki huko. Kutu ya namna hii haitoki juu ya rangi kuingia ndani. Hutoka ndani ikaja nje, na rangi huwa ya mwisho kupata habari.

Nilipokuwa masomoni Uingereza niliona magari yakiliwa na chumvi imwagwayo barabarani wakati wa theluji. Ufipa haina theluji wala bahari, lakini gari la mtumba laweza kuwa limekuja na ugonjwa wake kutoka nchi ya baridi, na tope letu likaulea.

Akiba ya kaka haikununua dawa. Ilikwenda kwa fundi bodi, aliyekata bati lililooza, akachomelea jipya, akapaka rangi ya msingi na kuyazibua matundu. Mama alikosa kliniki mwezi mmoja, nasi tulihesabu kwamba tumepona kwa gharama ndogo.

Chuma hurudi kwao

Wahenga wa Ufipa waliyajua mawe mekundu ya nchi hii. Walijenga tanuri za udongo zenye kimo cha mita tatu hivi, zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto, wakayeyushia humo mawe kwa makaa. Kisha walikisafisha chuma katika tanuri ndogo yenye mivukuto kabla ya kufua majembe na mashoka. Bertram Mapunda, aliyewahi kuwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni miongoni mwa wanaakiolojia waliouchunguza ufundi huo. Kaboni ya makaa ilinyang’anya mawe oksijeni yake. Kutu ni safari ya kurudi: chuma huichukua tena oksijeni na kuwa udongo mwekundu. Rangi haiifuti safari hiyo, huichelewesha tu.

Husemwa kwamba jina Sumbawanga maana yake ni “tupa uchawi”. Ni jina jema kwa mji wa kufanyia majaribio. Dawa ile haikuwa uchawi, wala haikuwa ulaghai mtupu: ahadi moja ilitimia, moja ilieleweka vibaya, na moja haikuwa kazi yake. Tusingeyatenganisha hayo bila sehemu ya katikati, rula na daftari.

Kwa darasa

Chukua misumari mitatu iliyosuguliwa kwa msasa. Wa kwanza uache mahali pakavu. Wa pili upake rangi, kisha uukwaruze mara moja kwa kisu. Wa tatu uuzike nusu katika tope bichi, nusu ibaki hewani. Weka wa pili na wa tatu mahali penye unyevu, tope lisikauke. Baada ya majuma mawili ichunguze yote na ujibu: Kutu imeanzia wapi katika kila msumari? Je, katika ule wa pili imeenea chini ya rangi? Na nyumbani kwenu, ni chuma gani king’aacho ambacho hakuna aliyewahi kukitazama kwa chini?