Kabla Ununue Injini Mpya ya Pawasoo, Fungua Ekzosi Kwanza

Hebu nikuulize swali. Pawasoo, ule msumeno wa injini, ina mifuniko miwili: mmoja wa petroli, mwingine wa oili. Hiyo oili huenda wapi? Ukijibu "kwa injini", karibu kwa chama. Mimi ndiye mwenyekiti.

Mvua ilikuwa imeangusha grevilea kwa ploti moja Uthiru. Anko, ambaye hulipa kodi na karo kwa hiyo Stihl MS 381 yake, aliniachia nikate matawi akiwa safarini siku tatu. Nikajaza petroli, nikajaza oili, nikavuta kamba. Ikanguruma poa dakika kadhaa, ikapoteza nguvu, ikazima. Kamba ikagoma. Ilipopoa ikakubali kuvutika, lakini nyepesi kama toi ya mtoto.

Kumbe ile oili ni ya kulainisha mnyororo tu. Injini yenyewe haina mahali pa oili chini kama gari. Oili yake, ile ya 2T, huchanganywa ndani ya petroli, na ndiyo hupaka pistoni, ringi na beringi ikipita. Kwa kipimo cha 50 kwa 1, lita tano za petroli hutaka mililita 100. Mimi niliweka sufuri. (Nilisomea umekanika mihula miwili kabla ya kuacha chuo. Usicheke.)

Nikabeba mzigo hadi tao, Kirinyaga Road, ambayo watu bado huiita Grogan. Ni jina la mlowezi Ewart Grogan, aliyepewa msitu mkubwa na serikali ya kikoloni apasue mbao, kwa hivyo ni kama alikuwa akinisubiri. Muuzaji wa duka la kwanza alivuta kamba mara moja tu. "Boss, hiyo imekufa. Chukua silinda na pistoni, seti nzima." Hakufungua hata skrubu moja. Bei ilishinda kilichokuwa kwa simu yangu, na hapo ndipo umaskini uliniokoa.

Jioni nikaipeleka Kangemi, kwa mzee mmoja wa jua kali.

"Kijana, inua kwa kamba, uiache ining'inie."

Pawasoo ikaporomoka kama jiwe. Nzima hushuka polepole, akasema, kwa sababu pistoni inabana hewa. Halafu akatoa ekzosi na kumulika kwa tochi ya simu kwenye tundu. Kupitia hapo unaona pistoni bila kupasua injini, kazi ya dakika chache.

"Mikwaruzo iko upande huu pekee?"

"Hapana mzee. Ukizungusha, iko kote."

"Basi hukutia oili."

Nikanyamaza. Ingekuwa upande wa ekzosi pekee, kwanza angetafuta hewa inayoingia kwa wizi: mpira wa kabureta uliopasuka, au sili iliyozeeka kwenye krankshafti. Hewa ikizidi, petroli inapungua na injini inachemka. Ukiweka pistoni mpya bila kuziba hiyo hewa, unaunguza nyingine wiki ijayo. Hapa ndipo watu wengi huchoma pesa mara mbili.

Akang'oa silinda, akanipa nipitishe ukucha ndani. Ukinasa, silinda imeenda. Wangu uliteleza. Yale madoa ya kijivu yalikuwa alumini ya pistoni iliyogandia ukutani, akayatoa taratibu kwa msasa laini. Akatikisa mkono wa pistoni juu chini: haukucheza, beringi ziko sawa. Akasafisha vumbi lote la chuma.

Kesho yake nikarudi Grogan kununua pistoni ya milimita 52 na ringi zake, si seti. Mzee aliifunga mshale ukiangalia ekzosi, na vile vipini vidogo vya kushikilia pini akaweka vipya. Kikichomoka kimoja, alisema, kitakwangua silinda yote na tutaanza upya.

Ikawaka mvuto wa nne. Tenki la kwanza hatukuikanyagia moto wote.

Anko aliporudi nilimweleza kila kitu. Hakugomba. Alichukua kalamu ya wino mzito, akaandika IMETIWA OILI kwenye jerikeni, akaiweka pawasoo kwa gunia, kisha akanipa panga nikamalizie yale matawi ya Uthiru.