Msikiti wa Newtown na uamuzi wa kupambana

Alasiri ya Agosti 16, 1908, kwenye uwanja wa Msikiti wa Hamidia, Newtown, Johannesburg, vitambulisho zaidi ya 2,000 vilitiwa ndani ya chungu kikubwa cha chuma, vikamwagiwa mafuta ya taa na kuchomwa moto.

Wenye vitambulisho hivyo walikuwa Wahindi wa jimbo la Transvaal. Kiongozi wao alikuwa wakili kijana, Mohandas Gandhi.

Mzozo ulianza mwaka 1906, serikali ilipotaka kila Mwasia ajiandikishe, atoe alama za vidole na kutembea na cheti. Septemba 11 mwaka huo, katika ukumbi wa Empire, Haji Habib alipendekeza watu waape kwa jina la Mungu kuikataa sheria hiyo.

Gandhi aliwatahadharisha. Aliwaambia kwamba huenda wakafungwa, wakachapwa, wakafilisiwa au kufukuzwa nchini. Asiyekuwa tayari kubaki peke yake wenzake watakaporudi nyuma, alisema, asiape. Kiapo hakiliwi kwa kumtazama jirani.

Mapema mwaka 1908, Gandhi alikubaliana na Jenerali Jan Smuts kwamba Wahindi wajiandikishe kwa hiari, akiamini sheria ingefutwa. Baadhi walimwona msaliti. Februari 10, Mir Alam, Mpathani aliyewahi kuwa mteja wake, alimpiga hadi akazirai. Gandhi aliomba asishtakiwe. Hata hivyo, Mir Alam alifungwa.

Sheria haikufutwa, na ndipo moto ukawashwa Newtown. Mir Alam naye alifika, akakiri mbele ya umati kuwa alikosea kumpiga Gandhi, akatoa cheti chake kichomwe. Wawili hao wakapeana mikono.

Miaka 53 baadaye, Waafrika walikabiliwa na swali zito zaidi. Desemba 1961 Chifu Albert Luthuli, rais wa chama cha ANC, alipokea Tuzo ya Amani ya Nobel mjini Oslo. Siku chache baadaye, Desemba 16, Umkhonto we Sizwe, jeshi ambalo Nelson Mandela alishiriki kuliunda, lilianza kulipua mitambo ya serikali.

Luthuli na Mandela walichagua njia tofauti, lakini hakuna aliyejificha nyuma ya umati. Akiwa kizimbani mwaka 1964, huku adhabu ya kifo ikimkabili, Mandela alikiri kwamba alishiriki kuunda jeshi hilo na kupanga hujuma, akaeleza sababu zake.